Aliyekwenda Kuchukua Beshik

12 Mei
Barafu imekwisha. Leo nimezamia mara ya kwanza tangu vuli. Maji ni digrii nne, na hata ukijifungia ndani ya suti kavu kuanzia shingoni mpaka vidoleni, mashavu yanabaki wazi, na mashavu ndiyo yanayolipa. Yaliuma, yakafa ganzi, kisha nikafurahi kama kila mwaka. Temirlan, bosi wangu wa kambi ya wazamiaji, aliibuka midomo ikiwa ya buluu. "Kanyshai, nani alituroga tukaacha kuuza simu Bishkek?" Aliyeacha kuuza simu ni yeye. Mimi nimezaliwa hapahapa, ukingoni mwa Ziwa Sarytor, na sijawahi kumuuzia mtu kitu.

15 Mei
Mvua ya mawe. Hakuna wateja. Kompresa ya kujazia mitungi hewa inakohoa.

19 Mei
Baba mkubwa Asanaly amekuja kambini kwa farasi, amevaa kofia yake nyeupe ndefu. Temirlan alipomwona alinong'ona, "Nani kafa?" Nikacheka, lakini watu wote wa Chet-Bulak huuliza hivyohivyo. Baba mkubwa ndiye anayeitwa kijijini kupeleka habari za misiba. Ana maneno ya kuzunguka, ya taratibu, mpaka mwenye msiba anajikuta ameshajua kabla hajaambiwa. Watu wanampenda, ila hawapendi kumwona getini kwao asubuhi.

Leo hakuleta msiba. Alikuja kusema yaleyale ya kila mwaka.

"Ziwa zima ni lenu. Ila kule Rasi msiende."

"Kuna nini, mzee?" akauliza Temirlan.

"Kuna mwenyewe."

"Basi tutampigia hodi."

Baba mkubwa hakucheka. Akanigeukia mimi. "Wewe umenisikia, mwanangu." Nikamwambia nimesikia. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipandisha farasi kwa mara ya kwanza na kunikimbiza hospitali nilipovunjika mkono. Akitaka kuamini kuna jini ziwani, aamini.

27 Mei
Mama leo ameikumbuka hotuba yake.

Sijui kama kuna nyumba nyingine yenye kitu kama hiki. Baba yangu, Mederbek, alitoka nyumbani mwishoni mwa Machi, mimi nikiwa tumboni, kwenda ng'ambo ya ziwa kwa wazazi wa Mama kuchukua beshik, kile kitanda cha mbao cha kubembelezea mtoto ambacho ukoo wa Mama wote umelelewa ndani yake. Mama alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na beshik ile inasifika kwa bahati. Watu walimwambia Baba kitanda hakiletwi kabla ya mtoto. Akasema barafu ya ziwa ikiyeyuka lori halitakuwa na pa kuvukia, huko hakufikiki tena mpaka kiangazi, hawezi kungoja. Basi akaondoka na lori, na kwa wakwe hakufika. Alipita milimani moja kwa moja hadi Urusi. Yuko Krasnoyarsk, ana mwanamke mwenye nywele nyekundu. Mimi nikalala kwenye beshik ya kuazima.

Mama ameandaa maneno ya kumpokea siku akirudi. Kila mwaka huyanoa. Leo alikuwa anakanda unga, na kila sentensi ilikuja na konde moja kwenye donge.

"Vua viatu, mbwa wewe! Chai ipo, ila imepoa. Mtazame binti yako, mtazame vizuri, maana humjui. Nani alikuwa anakufunga vifungo vya koti huko, wewe usiyejua hata kufunga vifungo? Kuna baridi huko uliko? Vizuri. Ganda!"

Kisha akaniuliza, "Hapo kwenye kuganda, niongeze kitu?"

"Panatosha, Mama."

"Naona kama pafupi."

3 Juni
Maji machafu, theluji ya milimani inayeyuka. Nimeona mkono wangu tu.

9 Juni
Machafu.

14 Juni
Machafu kila mahali isipokuwa Rasi. Temirlan amesimama kwenye mtumbwi wa mpira na darubini, anasema kule ni kioo. Ana wateja wiki ijayo, anataka kitu cha kuwaonyesha. "Mzee wako hatajua," anasema. Nami nimechoka kukaa bure.

16 Juni
Nimekaa na kalamu tangu mchana. Niandike tu, kwa mpangilio, kama ninavyoandika taarifa za kazi.

Tulishuka Rasi, Temirlan na mimi. Ukuta wa jabali unakwenda chini moja kwa moja, na kwenye mita thelathini na kitu kuna ubapa, kama rafu, kabla ya giza lenyewe. Mwanga ulikuwa wa kijani. Nilimwona Temirlan mbele yangu amesimama, anazungusha tochi kwa ishara ya furaha. Lori. Lori la Kirusi la zamani, kabini ya buluu, limekaa kwa magurudumu yake manne kana kwamba mtu ameliegesha. Temirlan alipiga ngoma kwa kiganja juu ya boneti. Nilicheka ndani ya kinywa cha kupumulia, mapovu yakanizunguka.

Nikaenda dirisha la upande wa abiria. Kioo kimefungwa. Nikafuta ute kwa mkono, nikamulika.

Kwenye kiti kulikuwa na beshik.

Ilifungwa kamba, mizunguko mingi, mtu aliyefunga hakutaka itikisike. Ile fito ya juu ya kushikia ilikuwa imenakshiwa pembe za kondoo. Mama amenichorea nakshi hiyo kwenye vumbi, kwenye unga, kwenye mvuke wa dirisha, mara sijui ngapi. Hata hapo sikuelewa. Naapa, nilifikiri tu: ajabu, wenzetu nao walikuwa na kama ile.

Halafu nikaipeleka tochi upande wa dereva.

Yaliyokaa pale sitayaandika. Nitaandika koti. Koti la ngozi ya kondoo, bado zima, baridi ya humu huhifadhi kila kitu. Lilikuwa limefungwa vifungo vibaya. Kimoja kilirukwa, na koti lote limepanda upande mmoja hadi shingoni.

Nilisikia sauti ya ajabu, kumbe ni mimi napiga kelele ndani ya maji. Nilitaka kwenda juu. Temirlan alinikamata mguu, akanishika mkanda, akaninyooshea kidole saa yake. Alikuwa sahihi. Huku milimani ukipanda haraka damu inachemka mapovu, unakufa au unabaki kiwete. Kwa hiyo tulipanda polepole kama watu wasio na shida yoyote. Kwenye mita tano tukashika kamba na kungoja, na hapo ndipo nilipoelewa yote, nikining'inia, sina pa kukimbilia. Hayuko Krasnoyarsk. Hakuna nywele nyekundu. Umri wangu wote alikuwa hapa, na mimi miaka sita nazamisha wateja kwenye ziwa lilelile.

Kwenye mtumbwi Temirlan alivua miwani ya maji, anang'aa. "Kanyshai! Lori zima! Watatoka mpaka Almaty kuliona, tutaliwekea boya, tutachapisha picha..." Nilipoweza kusema nikasema, "Ni baba yangu." Akapiga makasia mpaka ufukoni bila neno, na Temirlan huwa haachi kusema hata akilala.

Mama aliniuliza mbona sili. Nikamwambia maji yamenichosha.

"Rasi hukwenda?"

"Sikwenda."

Ilinitoka hivyo tu, wala haikuniuma koo.

17 Juni
Nimekwenda kazini.

18 Juni
Nilimkuta Baba mkubwa anachonga kwato za farasi. Sikumsalimia.

"Nimefika Rasi."

Aliuachia mguu wa farasi taratibu, akaweka kisu chini. Hakuuliza nimeona nini. Aliuliza, "Bado amekaa?"

Nilidhani nitampiga. Nimemwona mtu huyu kila siku ya maisha yangu. Nilimwambia ndiyo, bado amekaa, na beshik iko pembeni yake. Mzee akakalia tope palepale, na suruali yake safi.

"Nilikuwa ufukoni namngoja," akasema. "Machi ilikuwa inaisha. Nilimwambia apitie kando ya ukingo, barafu ya katikati imechoka. Akakata pale Rasi, alikuwa na haraka. Nilikuwa naziona taa zake zinanijia. Halafu sikuziona."

"Na Mama? Mama mlimwambia nini?"

"Mama yako alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili zilishatoka. Bibi yako akasema mwenye mimba haambiwi msiba. Nani hapa hajui hilo? Wakwe nao wakakubali, wakasema watajibu kwamba hakufika kwao, nasi tukasema amepitiliza Urusi kutafuta kazi. Tungemwambia, tungelia watu wawili. Huyo wa pili ni wewe, mwanangu."

"Nilizaliwa Juni!"

"Ulizaliwa Juni, tukasema tukimwambia maziwa yatakauka. Ukaacha kunyonya, tukasema apate nguvu kwanza. Kisha siku moja akaniuliza mbele za watu, 'Kaka, ana mwanamke huko?' Nikaona hapo ndipo pa kutokea. Nikasema anaye. Nikamwekea na nywele nyekundu ili aamini. Nilidhani atakasirika, ataolewa. Alikuwa binti mdogo."

"Hakuolewa."

"Hakuolewa. Alikasirika tu."

Amewapelekea watu misiba yao nyumba hadi nyumba, kwa maneno mazuri, wanamshika mikono na kumshukuru. Nyumba ya jirani, ya mdogo wake mwenyewe, akairuka. Nilimwambia asinijie tena na asiniite mwanangu. Farasi alibaki amesimama na kwato moja ndefu.

25 Juni
Nilifikiri ni siri ya wazee. Leo dukani Uulkan alinipimia sukari, akaona macho yangu, akasema polepole, "Umeshajua, eti?" Uulkan! Amenizidi miaka kumi na mitatu tu. "Nilikuwa darasa la saba," akasema. "Mwalimu alituambia anayesema atafukuzwa shule."

Darasa zima. Kijiji kizima. Harusi zote nilizokaa nao meza moja, Mama akiinua bilauri na kusema, "Haya, na kwa afya ya yule mbwa wa Krasnoyarsk!" nao wanacheka kidogo na kutazama sahani. Nilidhani wanamwonea aibu Baba. Sukari niliiacha dukani.

26 Juni
Mama: "Sukari iko wapi?" Mimi: "Imekwisha dukani." Uongo wa pili. Au wa kumi, nimeacha kuhesabu.

8 Julai
Nimefika mpaka mlangoni mara mbili na maneno mdomoni. Mara ya kwanza alikuwa anakamua ng'ombe, nikasema akimaliza. Alipomaliza akawa na furaha, ndama amepona. Nikasema kesho, kwa nini nimharibie leo.

11 Julai
Mgongo unamuuma. Si leo.

20 Julai
Upepo. Mitungi kumi na miwili imejazwa. Temirlan hakuweka boya Rasi, wala hapeleki mtu. Amenunua mafuta ya kompresa bila kuambiwa.

29 Julai
Nimewaza jambo linalonitisha. Nimemchukia Baba mkubwa mwezi mzima na zaidi kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nakifanya kila jioni. Yeye alikuwa na mimba ya kusingizia. Mimi nasingizia ndama na mgongo. Kila siku ina sababu yake nzuri, na kila sababu ni ya kumpenda. Hivi ndivyo walivyofika walikofika, hatua ndogondogo, wala si kwa ubaya. Bado nimemkasirikia. Ila sasa najua njia aliyopita.

4 Agosti
Baba mkubwa ameacha ndoo ya maziwa ya farasi getini na kuondoka. Mama: "Baba yako mkubwa kawa kichaa? Tangu lini anabisha hodi na kukimbia?" Nikanywa.

18 Agosti
Mungu wangu. Kundi la wazamiaji kutoka mjini, watu saba, na mmoja, Bwana mwenye kamera kubwa, alikengeuka nyuma ya Temirlan akafuata ukuta hadi Rasi. Aliibuka anapiga kelele, "Kuna lori! Kuna mtu ndani!" Nilikuwa kwenye mtumbwi.

Temirlan alimpokea kamera kwa heshima zote ili amsaidie kupanda. Akaifungua, "nitoe maji," akasema. Sekunde ile kile kikadi cha picha kikaruka kwenye vidole vyake, pluu, ziwani. "Ole wangu! Mikono ya baridi hii!" Alijipiga kichwa, akaomba radhi, akawarudishia wote pesa zao. Jamaa alitukana njia nzima.

Walipoondoka Temirlan akaniambia, "Picha nimezizamisha. Midomo siwezi. Wiki hii kutakuwa na polisi hapa, Kanyshai. Mama yako atajua kwako au atajua kwenye simu ya mtu."

19 Agosti
Nimekwenda kwa Baba mkubwa. Nilisimama nje ya uzio.

"Kesho asubuhi," nikasema. "Uje na kofia."

"Siwezi, binti."

"Wengine wote uliwaweza."

20 Agosti
Walikuja saa moja asubuhi, Baba mkubwa na wazee wanne, kofia nyeupe, kwa miguu. Mama alikuwa uani anakoroga malai kwenye sufuria. Aliinua kichwa akawaona getini. Mwiko ukasimama.

Akanitazama mimi. Niko hai, nimesimama mbele yake. Akatazama nyumba. Wazazi wake alishawazika, hana ndugu, hana mtoto mwingine. Nilimwona anatafuta, mmoja baada ya mwingine, na hapati.

"Nani?" akauliza. "Kaka, umekosea nyumba. Mimi sina mtu wa kufa."

Baba mkubwa alianza. "Gulbarchyn, shemeji yangu, kuna watu huondoka nyumbani na..." Sauti ikakatika. Akaanza tena, "Kuna watu..." Akavua kofia. Mzee ambaye nimemsikia akiwatuliza wajane kwa saa nzima bila kurudia neno alisimama pale, mdomo wazi, na machozi yanaingia kwenye ndevu. Wenzake wakatazama chini. Nikaona tutasimama hivyo mpaka jioni.

"Mama," nikasema, "Baba hakwenda Urusi. Yuko ziwani, pale Rasi. Barafu ilivunjika siku ileile. Nimemwona."

Hakuelewa. Nilimwona haelewi, kama mimi kwenye dirisha la lori. Alisema, "Yule ana mwanamke Krasnoyarsk."

"Nilimtunga mimi," akasema Baba mkubwa. "Ulikuwa na mimba."

Malai yakaanza kuungua. Hakuna aliyeondoa sufuria. Nilingoja aanguke, apige kelele, amrukie mzee kwa mwiko. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kisha akauliza swali ambalo mimi, niliyelilia jambo hili miezi miwili, sikuwahi kujiuliza.

"Beshik ilikuwemo?"

"Ilikuwemo, Mama. Kwenye kiti. Aliifunga kamba vizuri."

"Basi alifika kwa wazazi wangu."

"Alifika."

"Basi alikuwa anarudi."

Akaingia ndani. Tulisikia sanduku linafunguliwa. Alitoka amejifunga kitambaa cheusi, akakaa chini mgongo kwetu, uso ukutani, mikono kiunoni, jinsi wajane wanavyokaa. Na akaanza kilio cha mjane, kwa sauti ile ya juu inayosikika hadi barabarani. Wanawake wakaanza kutoka majumbani. Kilio kina maneno yake, ya kumsifu marehemu, kila mwanamke wa hapa huyajua. Mama hakuwa nayo. Umri wote huu alikuwa ameandaa maneno mengine, na hayo ndiyo yaliyotoka, kwa sauti ya kilio.

Vua viatu, mbwa wewe, aliimba. Chai ipo, imepoa. Mtazame binti yako, mtazame vizuri. Nani alikuwa anakufunga vifungo vya koti?

Uulkan aliyekuwa getini alijiziba mdomo. Baba mkubwa alipiga magoti kwenye matope. Kijiji kizima kinaijua hotuba ile, wameicheka harusini.

Kuna baridi huko uliko, aliimba Mama, na hapo akakwama. Tulingoja. Mstari unaofuata sote tunaujua. Akavuta pumzi, akarudia, kuna baridi huko uliko, kuna baridi, mara tatu, nne. Lile neno la mwisho halikutoka. Akaanza upya, vua viatu.

2 Septemba
Wazamiaji wa serikali walimtoa juzi. Jana tumemzika. Baba mkubwa alishika jeneza upande wa mbele, na Mama hakumzuia. Hajamwambia neno, ila jioni alimmiminia chai, ya moto.

5 Septemba
Polisi wamerudisha koti ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alilitundika karibu na jiko, si karibu sana, ngozi isikakamae. Lilipokauka alifungua vifungo vyote, akaanza kuvifunga tena kutoka chini, kila kimoja kwenye tundu lake.